Alama

Alikuja na jina lake tayari: Watasema.
Mbwa wa miaka sita, sikio moja limekatika ncha,
mstaafu wa lindo, kiwanda cha samaki, Igogo.
Mlinzi Lugembe alikuwa anarudi kwao Magu,
akaniletea kamba, sahani ya bati,
na neno moja tu: "Hang'ati wanaomjua."

Siku ya kwanza alizunguka chumba
kama karani wa sensa.
Akaukagua mguu wa cherehani, akainua wa kwake.
Pazia: akainua.
Gunia la mpunga wa Sengerema: akainua.
Kiatu cha mpangaji mwenzangu, cha kushoto tu;
cha kulia alikiacha, sijui kwa heshima gani.

Nyanzobe wa chumba cha pili akasema, mchape.
Mwanawe akasema, msugue pua humo humo.
Fundi redio akakohoa kwanza:
samaki mkunje angali mbichi, huyo kashakauka.
Hapa Mabatini ziwa tunalitazama kwa mbali, chini kule,
lakini kila mtu ni bingwa wa samaki.

Nilimchapa mara moja, kwa kandambili.
Hakulia. Alishinda chini ya kitanda,
na usiku akatoka, akailowesha kandambili.
Nikaelewa. Nimesema, nimejibiwa.

Basi tukaanza upya.
Siki na maji, kikombe kwa kikombe,
si ile dawa ya choo inayowasha pua:
kwake yeye inanuka kama dume jingine limepita.
Kamba kiunoni mwangu, ncha ya pili shingoni mwake.
Nikishona, analala. Nikienda bombani, tunakwenda.
Akianza kuzunguka, pua chini, mkia umekaza,
"Nje!" na mbio, sindano bado mdomoni mwangu.

Alipomimina kwa mara ya kwanza juu ya jiwe
nilipiga kigelegele.
Majirani wakachungulia wakidhani kuna aliyejifungua.
Nikampa dagaa watatu wakavu, mmoja mmoja,
nikamwita baba, nikamwita bwana shamba,
mlima wote huu wako, mawe yote haya,
hata yale makubwa kuliko nyumba.
Niachie pazia tu.

Kwa chaki ya kushonea nilihesabu ukutani:
siku kavu, mstari; siku mbichi, nafuta yote.
Mstari mmoja. Minne. Hakuna.
Miwili. Hakuna.
Sita.

Usiku mmoja, nikisuuza beseni,
nikaligeuza, nikakutana na jina langu.
MBUKE, kwa rangi ya kucha, chini ya beseni.
Mbuke kwenye ndoo, Mbuke kwenye mwiko,
Mbuke kwenye kitako cha sufuria, nusu limeungua,
Mbuke ubavuni mwa kiti ambacho hakuna
atakayekiiba, miguu mitatu.
Nimekuwa hivi tangu shemeji zangu
walipobeba kabati, matanga hata hayajaanuliwa,
wakaniuliza: jina lako liko wapi hapa?

Mbwa alikuwa ananitazama kutoka mlangoni.
Mageti manane aliyalinda, kila usiku pua ngeni.
Nani amwambie kwamba chumba hiki kina mlango mmoja,
na hakuna anayekuja?
Mimi mwenyewe sijaamini.
Rangi ya kucha bado iko juu ya kabati la kuazima.

Sasa mistari imefika ishirini na saba.
Kamba naitundika msumarini.
Mvua ikinyesha kwa radi, pazia bado lina mashaka,
siki naiweka karibu.

Jana walikuja watu wa kupima, fulana zenye mistari,
wakachora jiwe la mlangoni kwangu
X nyekundu, na namba chini yake,
wakashuka bila kubisha hodi.
Watasema akatoka taratibu.
Akalinusa jiwe lile kwa muda mrefu,
kama mtu anayesoma barua asiyoipenda,
akainua mguu.

Sikumhesabia watatu.
Nilimpa mfuko.